Gemu, bando na steshenari ya shangazi

Wadau, leo siasa naiweka pembeni kidogo. Nataka tuongelee kialama kimoja cha vema, kile cha kwenye kiboksi, ambacho kinaweza kumaliza bando la mtu kabla hajanywa chai.

Shangazi yangu ana steshenari hapa Rusimbi. Kompyuta ya mezani ya kazi ni moja, printa moja na mashine ya kutoa kopi. Wateja wengi ni vijana wenzetu: huyu anatafuta ajira, yule anaomba mkopo wa chuo. Bando ananunua yeye mwenyewe na analihesabu kama muuza mawese anavyohesabu madumu. Jioni duka likifungwa, binamu yangu wa kidato cha tatu anakaa na gemu zake. Hakukuwa na ugomvi.

Ugomvi ulikuja msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo. Binti mmoja yuko katikati ya fomu, vyeti vyote mkononi, mara mtandao ukakata. Kuangalia salio, hakuna kitu. Gemu la kijana lilikuwa linajisasisha kimya kimya tangu kompyuta iwashwe. Likanunuliwa bando jingine, fomu ikaenda. Lakini shangazi akanigeukia, "Haya baba, wewe uliyesoma, sema. Gemu libaki au duka libaki?"

Kumbukeni kwamba kwa dogo hiyo ndiyo kompyuta pekee anayoigusa. Ukimfukuza pale umemfukuza kwenye kompyuta, siyo kwenye gemu tu.

Mimi nasema vyote vibaki. Programu hizi zimetengenezwa na watu wanaodhani kila nyumba ina intaneti isiyokwisha, inayotoka ukutani kama umeme. Chukua Steam, ambayo imekuwepo tangu Septemba 2003. Ukiiacha kama ilivyokuja, inajiwasha pamoja na kompyuta na inasasisha gemu zako bila kukuuliza. Siyo uchawi, ni mpangilio tu, na mpangilio unabadilishwa.

Kwanza, ingia kwenye mipangilio yake uondoe ile alama ya vema inayoiruhusu kujiwasha. Kisha nenda upande wa upakuaji, upange saa za kusasisha ziwe usiku, baada ya duka kufungwa. Halafu kwa kila gemu, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua sifa zake, uchague lisubiri mpaka utakapolifungua ndipo lijisasishe. Hapo tu umeshaokoa fomu za watu wengi.

Humo humo kwenye sifa kuna mstari mtupu ulioandikwa Launch Options. Dogo alikuwa hajawahi kuuona. Kwa gemu kama Counter-Strike: Source la 2004 unaweza kuandika -novid -windowed -w 1024 -h 768. Neno la kwanza linaruka video ya mwanzo, la pili linaliweka gemu ndani ya dirisha, na yaliyobaki yanataja upana na urefu wa picha. Picha ikiwa ndogo, mashine kuukuu inapumua. Ila jamani, msinakili yale mistari marefu yanayozagaa mtandaoni yakiahidi spidi ya ajabu. Neno usilojua kazi yake liache, maana kila gemu lina maneno yake.

Kuna na hali ya kucheza bila mtandao. Unaingia kwanza ukiwa na mtandao, unahakikisha gemu limekamilika, ndipo unachagua hali hiyo. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, aliyekuwa ameshajipanga hivyo aliendelea kucheza mwenyewe bila habari.

Na gemu la GB 30 kulipakua kwa bando la simu ni wazimu, niwe mkweli. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana gemu moja kwa moja. Au tengeneza nakala kwenye diski ya nje, rafiki aibebe kutoka Dar kwa treni kama mzigo mwingine wowote.

Shangazi alisikiliza yote. Sharti lake lilikuwa moja: aonyeshwe yeye mwenyewe kile kiboksi kilipo, ili akague kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Dogo akamwonyesha. Mama akavaa miwani, akaandika njia yote kwenye daftari la madeni.

Imebaki mashine ya pili, ile iliyoko nyuma ya duka yenye Windows 7. Steam iliacha kuihudumia Windows hiyo tangu Januari 1, 2024, na dogo anaomba ruhusa aibadilishe mfumo mzima. Shangazi bado hajamjibu.