Asilimia 40

Msomaji mpenzi, kama umepata kuiamini saa iliyosimama utanihurumia. Kama hujapata, soma polepole, kwa maana siku yako yaweza kuwa karibu.

Mwezi wa Julai mwaka 2023 nilitoka Naivasha kwa baiskeli pamoja na mpwa wangu, mvulana wa miaka 15, tukapanda kwenda Njabini katika uwanda wa Kinangop. Huko ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya mwezi huo hupenya hata chini ya kucha. Juu ya usukani nilifunga kompyuta ndogo ya baiskeli, ambayo hupokea ishara za setilaiti na kuonyesha njia, mwendo na miinuko. Nilikuwa nayo kwa miaka minne, nikijivuna nayo kuliko ilivyonipasa. Hata simu niliiacha nyumbani.

Saa kumi alasiri tulimkuta mzee mmoja akipeleka maziwa kwa punda. Aliutazama ukungu uliokuwa ukishuka, akasema, “Wanangu, rudini kwa barabara kubwa. Vijia hivi hufanana vyote.”

Mpwa wangu alitaka kumsikiliza. Mimi nilimwonyesha kioo: betri ilikuwa na asilimia 40. Nikamshukuru mzee kwa adabu, tukashika kijia.

Haikupita nusu saa kioo kikazimika. Hakikushuka kwenye 30 wala 20. Kilisoma 40, kisha kikawa cheusi. Ukungu ulikuwa umekwisha kutuzunguka. Kijana hakusema neno, nami ningaliona nafuu kama angalinilaumu.

Baadaye ndipo nilipotafuta sababu. Mafuta ya taa huweza kuyapima kwa kutumbukiza kijiti, lakini umeme wa betri hauonekani. Chombo hukisia tu. Seli ya lithiamu ya kawaida ikijaa huwa na volti 4.2 hivi, na ikikaribia kwisha huwa na volti 3. Kama volti zingalishuka kwa hatua zilizo sawa, hesabu ingalikuwa nyepesi. Lakini sivyo. Kwa sehemu kubwa ya kazi yake hukaa karibu na volti 3.7, kama mtu atembeaye juu ya uwanda, kisha hufika ukingoni na kuporomoka. Katika uwanda huo kosa dogo la kipimo hugeuka kosa kubwa la asilimia. Vyombo vingine huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, mfano wa mwenye duka anayeandika kila shilingi lakini akisahau senti. Mwisho wa mwezi daftari na sanduku havipatani. Betri ikizeeka, kibaba chenyewe hupungua, na chombo huenda kikaendelea kuhesabu kwa kibaba cha zamani.

Tena iko baridi. Baridi huzidisha ukinzani ndani ya seli, hasa iliyochakaa, na volti huanguka mara chombo kinapodai nguvu. Chombo huona umeme umekwisha, kikajizima, ingawa ungalimo.

Haya yote yalikuwa kweli siku ile, na sikuyajua. Tulisukuma baiskeli gizani kwa muda wa saa mbili, mara mbili tukirudi kwenye ua ule ule wa miti, mpaka tulipoona mwanga wa dirisha. Mama mwenye nyumba alitufungulia bila maswali mengi, akatuketisha karibu na moto, akatupa chai. Niliiweka kompyuta mezani. Ilipopata joto nikabonyeza kitufe, nayo ikawaka kana kwamba haikutenda neno: asilimia 28.

Mpwa wangu aliitazama, akanitazama. “Mjomba,” akauliza, “na hii je, ni kweli?”

Sikuwa na jibu. Niliomba simu ya yule mama, nikampigia dada yangu, ambaye alitutazamia kabla ya magharibi. Aliipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nilianza kumweleza habari za ukungu na betri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kuzungumza na mwanawe.