Salamu Kwanza, Maneno Baadaye



Katika bahari ya Karibi kipo kisiwa kidogo, jina lake Carriacou. Ni sehemu ya nchi ya Grenada. Eneo lake ni kilomita za mraba 34 hivi, na watu wake hawafiki 10,000. Mimi nilihamia huko kwa ajili ya kazi. Wageni wengine huja kujenga nyumba na kukaa. Wengi wana fedha, lakini ujirani haununuliwi. Sharti wajifunze adabu ya wenyeji.

Ya kwanza ni salamu. Ukiingia dukani au ukipanda basi, wasalimu wote waliomo, hata usiowajua. Jioni wenyeji hukutana kwa kutakiana usiku mwema, maana kwao neno hilo ni la kukutana, si la kuagana tu. Anayeanza kwa kuuliza bei atajibiwa, lakini hatapendwa. Mahali penye watu wachache, kumpita mwenzako kimya ni kumhesabu kama si mtu.

Ya pili ni mavazi. Nguo za kuogelea ni za pwani, si za mjini Hillsborough. Tena nguo za madoadoa kama za askari zimekatazwa na sheria kwa raia.

Ya tatu ni maji. Kisiwani hakuna mito. Watu hukinga maji ya mvua kutoka mapaani na kuyaweka akiba katika matangi. Basi ukikaribishwa kwa mtu wakati wa kiangazi, usimwage maji yake ovyo.

Ya nne ni chakula cha pamoja. Wenyeji hufanya karamu ya kushukuru na kuwakumbuka wazee waliokufa. Hutenga hata sahani ya wazee hao. Karamu ya namna hii huitwa pia saraka. Sikio letu lalisikia mara moja: ni ndugu wa neno letu sadaka. Katika ngoma yao kubwa hupigwa midundo ya mataifa ya babu zao waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, na mojawapo ni Kongo. Ukiitwa, nenda, ule, ukae. Kukataa chakula ni kukataa watu.

Mtu aweza kusema: haya ni mambo madogo. Lakini tarehe 1 Julai 2024 tufani Beryl ilipiga Carriacou, ikaharibu karibu nyumba zote. Upepo ulipotulia, bibi jirani yangu alipita katikati ya mabati na miti iliyoanguka, akiita kila mtu kwa jina lake. Alijua nani ni mgonjwa, nani analala peke yake. Palikuwa na mgeni mmoja aliyezoea kukaa nyuma ya ukuta wake. Hakuna aliyejua kama alikuwamo nyumbani au amesafiri. Vijana walikwenda kumtazama, lakini alikuwa wa mwisho. Hawakumchukia, hawakuwa na jina la kuita.

Wazee wetu husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko Carriacou, jembe la kwanza ni salamu. Anayehamia ugenini, kisiwani au kijijini, alishike asubuhi ya kwanza, kabla hajafungua masanduku yake.