Geti la Nyumbani na Bastola ya Jirani

Fort Worth, Texas

Ndugu zangu wa Tanga,

Nina ugomvi nanyi. Juzi mdogo wangu kanitumia picha ya geti la nyumbani, lile tulilolipaka kijani kwa ajili ya harusi ya dada. Mwaka haujaisha, geti limebanduka kama mwenye upele. Chini ya kijani kuna bluu, chini ya bluu kuna kutu, na chini ya kutu sina hakika kama chuma bado kipo. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka, tuma hela ya rangi."

Ningemjibu papo hapo, ila nilikuwa ndiyo kwanza natoka kwa jirani, na niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya niandike.

Jirani yangu ni mzee mstaafu. Gari lake linalala nje miaka yote kwa sababu gereji kaigeuza karakana. Jumamosi moja nilipita kumrudishia ngazi, nikamkuta katandika gazeti mezani, na juu ya gazeti bastola. Miguu ikataka kurudi nyuma yenyewe. Kwetu bastola ikionekana mezani, ama askari yupo ndani ama msiba uko njiani. Hapa Texas, tangu Septemba 2021, mtu mzima wa miaka 21 au zaidi ambaye sheria haimzuii anaruhusiwa kutembea na bastola bila kibali. Sijazoea, na sina haraka ya kuzoea. Mzee aliiona sura yangu. Akafungua kijilango cha ubavuni, akazungusha silinda tundu moja moja mpaka sita, zote tupu, kisha akarudia ili nami nihesabu.

Ni Ruger Single-Six, bastola ya mtindo wa makauboi inayotumia risasi ndogo, aina iliyoanza kutoka kiwandani 1953. Aliachiwa na baba yake. Mtutu na mwili ni chuma, lakini fremu ya mpini, kile kipande kinachobeba vibao viwili vya kushikia na kuzunguka kifyatulio, ni aluminiamu nyeusi. Namba ya usajili iko kwenye mwili wa chuma, kwa hiyo hicho kipande kikiwa peke yake kinahesabika spea tu, kinanunuliwa hata kwa posta. Weusi wake ulikuwa umelika pale kiganja kinapokaa kwa miaka yote hiyo, yakabaki mabaka meupe.

Nikamwambia, kwa Kiswahili changu cha Tanga kilichovaa Kiingereza: mbona kazi ndogo, nunua kopo la rangi nyeusi upulize. Alinitazama kama bibi anavyomtazama mtoto aliyemwaga tui.

Weusi ule, alinieleza, si rangi ya kupaka. Aluminiamu huzamishwa kwenye asidi, umeme ukapitishwa, na juu yake likaota ganda gumu, jembamba kuliko unywele, lenye vitundu visivyoonekana. Vitundu vinanywa rangi, kisha vinafungwa kwa maji ya moto. Wanaita anodaizi. Ukipuliza rangi juu ya ganda lililochakaa, itakaa mpaka jasho la kiganja cha kwanza. Kwa hiyo ganda litoke lote.

Alivaa glavu za mpira na miwani, akatoka uani na fremu peke yake, akaipulizia dawa ya kusafishia oveni. Ndani yake mna kostiki soda, ileile wanayopikia sabuni akina mama pale mtaani. Fremu ikaanza kutoa povu, na weusi ukachuruzika kama kahawa ya chungu. Dakika chache tu, saa mkononi, halafu maji mengi, kwa sababu kostiki ikimaliza ganda inaanza kula aluminiamu yenyewe na kuacha vishimo. Alirudia mara tatu. Nilidhani amemaliza. Kumbe hapo ndipo kazi ilipoanza.

Msasa. Namba 320, kisha 400, 600, 1000, mwishoni 2000, yote kwa maji. Kila namba anasugua kukata mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na hahamii nyingine mpaka mikwaruzo ya zamani imekwisha yote. Akiuona mmoja tu chini ya taa, anarudi nyuma. Pale fremu inapokutana na mwili wa chuma hakugusa kabisa, maana ukipunguza kidogo tu, viungo havikutani tena. Wikendi tatu! Na hao wakusanyaji wa bastola za zamani, aliniambia akicheka, wakiiona watasema ameishusha thamani. Yeye hauzi.

Wikendi ya tatu akaipaka dawa ya kung'arishia, akasugua kwa kitambaa mpaka kitambaa kikawa cheusi tii, akanikabidhi. Ndugu zangu, niliona sufuria ya mama siku ya Idi. Nikamwambia kwetu kazi hii wanafanya watoto wa miaka minane, kila Jumamosi, kwa jivu na kumbi la nazi, na hakuna anayewaita mafundi. Alitaka kujua jivu la mti gani. Nikamweleza pia kwamba sufuria ukiichemshia magadi inakuwa nyeusi, ukiipitishia ndimu inarudi nyeupe. Akaandika kwenye kidaftari. Mzee ana karakana nzima, lakini siri ya ndimu alikuwa hana.

Sasa turudi kwenye geti, na hapa sitanii. Huku mtu anakwangua wikendi tatu ndipo afikirie kupaka. Sisi tunapaka. Kutu tunapaka, vumbi tunapaka, mjusi akilala kwenye bawaba naye tunampaka. Mgeni anakuja kesho, fundi anaitwa leo, na rangi inanunuliwa kabla ya brashi ya waya. Halafu tunasema rangi za siku hizi feki.

Mdogo wangu, sikiliza. Kwanza lioshe geti kwa maji baridi ya bomba, maana Tanga ni chumvi tupu hewani, na chumvi ukiifungia chini ya rangi inaendelea kula. Likikauka, brashi ya waya, kisha msasa, mpaka uone chuma chenyewe. Lifute kwa thina. Siku hiyohiyo, kabla ya jioni, piga redoksaidi. Ukiliacha lilale uchi usiku mmoja kwa upepo wa bahari, asubuhi limeshapata wekundu. Ndipo rangi, mikono miwili, wa kwanza ukauke. Yale mabati mapya ya juu ya ukuta usiyapake rangi ya mafuta moja kwa moja, kwa sababu zinki na mafuta hugeuka kitu kama sabuni na rangi huvuka kama ngozi ya nyoka. Uliza dukani praima ya mabati.

Na madirisha ya aluminiamu ya chumba cha mama, yale ya rangi ya kahawia tuliyojinyima kuyanunua: fundi asipige lipu kabla hujayafunika nailoni. Saruji mbichi inaunguza aluminiamu kama kostiki ile ya mzee, na doa lake halitoki kwa kufuta. Ikiruka, osha hapohapo kwa maji.

Hela ya msasa na redoksaidi nimetuma leo asubuhi. Ya rangi ninayo, ila haitoki mpaka nione picha ya geti likiwa halina rangi hata chembe, upande wa nje na wa ndani. Na usinitumie ya geti la jirani. Letu nalijua kwa ile bawaba iliyopinda.