Nambari na Jina Lake

Kituo cha maziwa cha kwetu, nje kidogo ya Keringet, kilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara. Alfajiri, ukungu wa Mau ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi, wakulima walikuwa tayari wamepanga foleni na mitungi yao. Mama ndiye aliyekuwa karani. Daftari la chama lilikuwa na safu mbili: nambari ya mwanachama na kilo alizoleta. Mama aliongeza safu ya tatu kwa penseli, akaandika majina.

Mwaka mmoja alishikwa na homa, akalala wiki nzima. Aliyemshikia zamu aliandika nambari tupu. Mama aliporudi aliketi na orodha ya wanachama, akajaza majina mstari kwa mstari, mimi nikimshikia taa. Alipofika nambari 271, penseli ikasimama. Jina lake lilikuwa la mzee aliyekwisha kuuza ng'ombe wote na kuhamia Bomet. Maziwa ya siku sita yalikuwa ya 217.

Nikamwuliza, "Mama, umejuaje?"

"Nambari zote zinafanana," akanijibu. "Jina halifanani na jina."

Nimeandika programu tangu mwaka 2009, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikishughulika na kompaila za papo kwa hapo. Kompaila ya kawaida hutafsiri programu nzima kabla haijatumika, kisha huacha faili. Ile ya papo kwa hapo hutafsiri programu ikiwa inaendelea kukimbia: huona sehemu inayorudiwarudiwa, huigeuza kuwa msimbo wa mashine ndani ya kumbukumbu, na prosesa hurukia pale pale. Wazo hili ni la zamani. Watafiti Deutsch na Schiffman walilieleza mwaka 1984 kwa lugha ya Smalltalk. Baadaye wengi wetu Kenya tuliliweka mfukoni bila kulijua, ndani ya simu za Android. Android 2.2 ndilo toleo lililoleta kompaila ya namna hiyo katika simu hizo.

Taabu huanza unapotaka kuusoma msimbo huo. Disasembla hugeuza baiti kuwa maagizo: hamisha, jumlisha, ruka, ita. Faili ya kawaida huweza kubeba jedwali la majina ndani yake. Msimbo wa papo kwa hapo hauna faili. Umezaliwa sasa hivi, na huenda baada ya dakika tano ukafutwa na nafasi yake ikapewa mwingine. Disasembla hukupa ukuta wa anwani zenye tarakimu 12 kila moja. Isitoshe, katika prosesa za Intel na AMD agizo moja huwa na baiti 1 hadi 15. Kompaila ikichomeka data katikati ya msimbo, disasembla huisoma data hiyo kana kwamba ni maagizo, na mistari inayofuata huharibika huku ikionekana halali.

Nilifundishwa hayo na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa Nairobi, katika kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya kukokotoa malipo kwa kanuni ambazo wateja walijiandikia. Niliandika kompaila ya kugeuza kanuni hizo kuwa msimbo wa mashine. Kwangu ilikimbia vizuri. Kwenye seva ya mteja mmoja, yenye data nyingi, ilianguka kila siku.

Kwa majuma mawili nilisoma matokeo ya disasembla hadi usiku wa manane. Sikuona kitu. Kisha nikaacha kutafuta kosa, nikaanza kutengeneza daftari. Kila kompaila yangu ilipoandika kipande cha msimbo, nililazimisha isajili anwani ya mwanzo, ukubwa na jina. Kipima kasi cha Linux kiitwacho perf kinaelewa faili ya namna hiyo hiyo, yenye vitu hivyo vitatu kwa kila mstari. Nikasajili pia kazi zote za maktaba ambazo msimbo wangu ungeweza kuziita. Nikaweka lebo fupi mahali pa kila mruko wa ndani, nikatenganisha data na maagizo, na juu ya kila kundi la maagizo nikachapisha mstari wa kanuni uliolizaa. Anwani isiyo na mwenyewe niliiandikia neno moja: HAIJULIKANI.

Neno hilo lilitokea mara moja tu katika kurasa zote, kwenye agizo la kuita. Agizo lile huhifadhi umbali wa kwenda kwa biti 32, hivyo haliwezi kufika zaidi ya gigabaiti 2 mbele au nyuma. Data ya mteja ilikuwa imeisukuma kumbukumbu ya msimbo wangu mbali na maktaba kupita mpaka huo. Umbali ukakatwa, na anwani iliyotokea ikatofautiana na ile sahihi kwa tarakimu moja tu, ya nne kati ya 12. Nilikuwa nimeipita mara mia. Ilikuwa 271 mahali pa 217.

Kompaila inayajua majina yote wakati inapoandika msimbo. Inajua mstari ulikotoka, kigezo kinachokaa katika kila rejista, na sababu ya kila mruko. Sekunde moja baadaye maarifa hayo hupotea, na hakuna disasembla, hata iwe hodari vipi, itakayoyarudisha yote kutoka kwenye baiti. Kwa hiyo kusomeka hakuongezwi mwishoni kama rangi ya ukutani. Anayejua ndiye anayepaswa kuandika, na aandike akiwa bado anajua.

Siku hizi nafanyia kazi Keringet, dirisha langu likitazama shamba la viazi. Kila ninapoanza kompaila mpya, kazi ya kwanza ninayoiandika ni ile ya kusajili majina. Msimbo hufuata.