Waziri Mwenye Dhamana

Ukisoma magazeti ya Tanzania utakutana mara nyingi na maneno "waziri mwenye dhamana ya elimu". Kabla ya kuendelea, jiulize umeyaelewaje, kisha jiulize unafanya kazi gani.

Nimewahi kuyaandika ubaoni katika darasa langu la watu wazima hapa Kampala. Askari polisi alisema waziri huyo alikamatwa, akaachiwa, na sasa anasubiri kesi. Karani wa benki alidhani ameweka shamba lake ili apate mkopo. Mtangazaji wa michezo alilihusisha neno na udhamini, akaona kampuni fulani inagharamia shughuli za waziri. Tulicheka sana, lakini hakuna aliyekuwa mjinga: kila mmoja alisoma kwa kamusi ya kazi yake. Alichokusudia mhariri wa Dar es Salaam ni kwamba waziri amekabidhiwa elimu ya nchi, na mambo yakiharibika yeye ndiye atakayeulizwa.

Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na maana zake zote zinatoka shina moja: kuna mtu au kitu kinachosimama nyuma ya ahadi. Shamba husimama nyuma ya mkopo. Mdhamini husimama mahakamani nyuma ya ahadi kwamba mshtakiwa atarudi. Hata serikali, inapouza dhamana zake ili ikope kwa wananchi, husimama nyuma ya ahadi ya kulipa. (Mdhamini wa ligi ya kandanda naye yumo katika ukoo huu, ingawa kwa maoni yangu husimama zaidi mbele ya kamera.)

Basi mtazame mwandani wa neno. Mtu huachiwa kwa dhamana. Mkopaji huweka dhamana. Mwekezaji hununua dhamana za serikali. Kiongozi huwa na dhamana ya jambo fulani. Kitenzi na kiunganishi vitakuonyesha njia upesi kuliko kamusi.

Sisi wa Kampala tuna ugumu wa ziada. Luganda hutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili huyaweka katika neno moja: mshtakiwa huachiwa kwa akakalu, na mkopaji huweka omusingo. Mwanafunzi aliyejifunza dhamana kwanza kwa maana ya omusingo, labda kwa sababu anafanya biashara na amezoea kukopa, akiambiwa kituoni kwamba ndugu yake anaweza kutoka kwa dhamana, mkono wake utakwenda mfukoni. Hapo kosa la msamiati linageuka kuwa kosa la haki.

Kwa maana dhamana ya polisi nchini Uganda hailipiwi. Vituo vingine vimebandika tangazo la kusema hivyo, lakini anayeamini kwamba dhamana ni mali hatalifahamu hata likiandikwa kwa Kiswahili safi. Ningekuwa na kazi ya kulitafsiri, nisingeandika "Dhamana ni bure", maneno ambayo masikioni mwa mkopeshaji hayana maana yoyote. Ningeandika: "Kuachiwa kwa dhamana ya polisi hakulipiwi chochote."

Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 23, inataka mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa, ikiwa hajaachiwa, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 48. Akishashtakiwa, ana haki ya kuiomba mahakama imwachie kwa dhamana, nayo mahakama yaweza kukubali kwa masharti inayoyaona yanafaa. Sharti mojawapo laweza kuwa fedha taslimu, na hapa karani wa benki anapata nafasi ya kutabasamu, kwa sababu maana yake na ya askari zimekutana. Ila fedha hiyo si ada wala faini. Ni amana, hurudishwa kesi ikimalizika kama mshtakiwa alitimiza masharti, na anayeiweka anapaswa kupewa risiti.