Hasira za Barafuni

Mhariri ameniomba niwaandikie habari za Kanada, nilikokaa tangu mwaka 2010 hadi 2014 nikisomea ualimu. Wengi wanaokwenda huko huandika juu ya theluji. Mimi nataka kuandika juu ya hasira, kwa sababu huko ndiko nilikoifahamu hasira yangu mwenyewe, niliyoondoka nayo hapa shuleni.

Mchezo wanaoupenda Wakanada kupita yote ni mpira wa magongo wa barafuni. Kila upande huwa na wachezaji sita, mmoja wao akiwa mlinda mlango. Huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini, wakateleza kwa mbio sana. Hawapigi mpira wa mviringo, bali kisahani cha mpira mgumu kilichogandishwa kwa baridi ili kisidunde. Uwanja una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, nao umezungushiwa ukuta pande zote. Kumsukuma kwa bega mwenye kile kisahani mpaka akaugonga ukuta ni halali.

Mzee niliyepanga nyumbani kwake, mjini Montreal, ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza. Alikuwa mtu mpole sana. Akiona buibui chumbani humtoa nje kwa karatasi, asimwue. Basi katika kipindi cha pili wachezaji wawili walitazamana, wakatupa magongo, wakavua glavu, wakaanza kupigana ngumi za uso. Nilidhani waamuzi watawaamua mara moja. Hapana. Walisimama kando wakingoja, na wachezaji wengine nao wakasimama, kana kwamba ni ngoma ambayo kila mtu anaijua zamu yake. Mmoja alipoanguka, ndipo walipoingia kati. Adhabu yao ilikuwa kukaa dakika tano katika kizimba kando ya uwanja, kisha warudi kucheza.

Nikamtazama Mzee wangu. Alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga kelele, “Mpige! Mpige!” Nikataka kucheka. Kumbe na mimi nimesimama, nimekunja ngumi, napiga kelele zile zile. Wala sikuwajua wale vijana hata kwa majina.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Nilikumbuka jambo ambalo wenzangu wa zamani wanaosoma gazeti hili watalikumbuka pia.

Nilipokuwa kidato cha tatu tulicheza kandanda na shule ya jirani, wapinzani wetu wa siku zote. Mshambuliaji wetu alikanyagwa, akatoka nje akichechemea. Aliyemkanyaga alikuwa winga wao, kijana mwembamba. Wenzetu waliokuwa pembeni wakaanza kuimba jina langu, maana mimi ndimi niliyekuwa beki mkali. Nilijua wanataka nini. Winga yule alipoupata mpira nilimwendea, na mpira wenyewe sikuutazama. Mfupa ulialika kama ukuni mkavu. Refa alinitoa, lakini jioni nilibebwa mabegani mpaka bwenini. Mwalimu aliponiuliza, nilijibu kwamba hasira ilinishika. Jibu hilo lilimtosha, na mimi mwenyewe nililiamini kwa miaka mingi.

Chuoni tulifundishwa saikolojia, yaani elimu ya nafsi. Nikaanza kutafuta humo kama jibu langu lile lilikuwa la kweli.

Kwanza nilikuta fikira ya zamani, kwamba hasira ni kama mvuke katika birika: usipoutoa, kifuniko kitaruka. Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria, katika kitabu chake cha mwaka 1963, aliona kwamba michezo ni njia ya salama ya kuutolea mvuke huo. Wanaopenda ngumi za barafuni huifurahia hoja hii. Husema, waacheni vijana wapigane kidogo, wasije wakaumizana kwa magongo. Lakini mwaka 1979 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, huko Alberta, walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watazamaji wa michezo mitatu: mieleka, magongo ya barafuni, na kuogelea. Waliotazama mieleka na magongo uhasama uliwazidi mioyoni. Waliotazama kuogelea haukuwazidi. Birika halikupunguzwa mvuke, bali liliongezewa kuni.

Kisha nikasoma juu ya nguo. Mwaka 1988 Mark Frank na Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha hesabu ya adhabu za ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini tangu mwaka 1970 hadi 1986. Timu zilizovaa nyeusi ziliadhibiwa kupita kiasi cha wengine. Timu ya Pittsburgh iliacha rangi ya buluu ikavaa nyeusi katikati ya msimu wa 1979-80, na adhabu zake zikapanda. Sehemu ya sababu ilikuwa machoni mwa waamuzi, maana kosa lile lile huonekana baya zaidi likitendwa na aliyevaa nyeusi. Lakini si hilo tu. Wanafunzi waliovishwa nyeusi kwa ajili ya uchunguzi walichagua wenyewe michezo ya ukali zaidi.

Tena katika Michezo ya Olimpiki anayepigana ngumi hutolewa mchezoni, na mabingwa wale wale wa ligi kubwa, wakifika huko, ni nadra sana kupigana. Kama hasira ingekuwa mvuke mtupu, ingejuaje kusoma sheria?

Nilimsimulia Mzee wangu mambo haya. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza habari za mwaka 1955, alipokuwa mtoto wa miaka 12.

Wakati huo shujaa wa Wakanada wasemao Kifaransa alikuwa Maurice Richard wa timu ya Montreal. Tarehe 13 Machi, mjini Boston, alipigwa gongo la kichwa. Naye akamrudia aliyempiga kwa gongo, kisha akampiga ngumi mwamuzi aliyetaka kumzuia. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia michezo yote iliyobaki ya msimu ule. Tarehe 17 Machi Campbell alikuja uwanjani Montreal kutazama mchezo. Akatupiwa mayai na nyanya, bomu la machozi likapasuka, na watu wakamwagika barabarani wakivunja madirisha na kupora maduka. Kesho yake Richard mwenyewe alisema katika redio, akiwaomba watu watulie, nao wakatulia.

“Baba yangu alirudi usiku ule kiganja kimekatwa na kioo,” Mzee alisema. “Alikuwa fundi viatu, hana ugomvi na mtu. Kijana, Maurice alikuwa na hasira ya gongo alilopigwa. Sisi tulikuwa na hasira zetu za siku zote, maana wakubwa wetu wote kazini walisema Kiingereza. Tukazivua zetu, tukamvika yeye.”

Siku chache baadaye nilisoma habari nyingine, nikafunga kitabu. Tarehe 8 Machi 2004, mjini Vancouver, Todd Bertuzzi alimfuata Steve Moore kwa nyuma, akampiga, akamwangusha uso kwa uso na barafu. Majuma matatu kabla ya hapo Moore alikuwa amemgonga nahodha wa akina Bertuzzi, Markus Näslund, na maneno ya kisasi yalikwisha semwa waziwazi. Moore alivunjika mifupa mitatu ya shingo, asicheze tena katika ligi ile. Niliona kwamba hasira iliyongoja majuma matatu haikumshika mtu ghafula, ililelewa. Na yangu pia ililelewa, ingawa kwa dakika kumi tu, kwa wimbo uliotoka pembeni.

Wala tusidhani kwamba apigaye hupona. Derek Boogaard alikuwa jitu la futi sita na inchi saba. Katika michezo 277 ya ligi kubwa alifunga mabao matatu tu, kwa kuwa kazi yake hasa ilikuwa ngumi, na watu walimpenda kwa ngumi hizo. Mwaka 2011 alifariki, umri wake miaka 28, kwa pombe iliyochanganyika na dawa za maumivu. Waliochunguza ubongo wake walikuta umekwisha kuharibika kwa ugonjwa unaoletwa na mapigo ya kichwa ya mara kwa mara. Mwaka 2023 ligi ya vijana ya Quebec iliamua kwamba kijana apiganaye atolewe mchezoni. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka Mzee wangu, nikajiuliza angeimba nini sasa.

Niliporudi nyumbani nilimtafuta yule winga. Nilimkuta mjini, ana karakana ya pikipiki. Alipoinuka kunilaki niliuona mguu. Nilimwomba radhi, si radhi ya kusema hasira ilinishika, bali ya kusema kwamba nilijua nilitendalo, na nilitenda ili nibebwe mabegani.

Akanipa kiti. Akaniambia, “Nilikusamehe zamani, kaka. Lakini kuna neno nimetaka kukuuliza miaka yote. Nilipolala pale chini, kabla maumivu hayajaja, nilisikia kelele za furaha. Nikadhani mmefunga bao. Walikuwa wanashangilia nini?”

Sikuwa na jibu. Nilitazama chini, kwenye mafuta yaliyomwagika sakafuni, mpaka akanihurumia akabadili mazungumzo, akaniuliza kama kweli huko Kanada watu hutembea juu ya mito.

Wadogo zangu mliomo shuleni, wenye kucheza mna refa wa kuwaonya na filimbi ya kuwasimamisha. Lakini ninyi mtakaosimama pembeni siku ya mchezo, hamna refa. Hakuna atakayewapeleka kizimbani hata dakika tano kwa wimbo mtakaoimba. Kwa hiyo nawaomba mjiulize swali la yule winga kabla hamjafungua midomo, maana mimi niliulizwa nikiwa nimekwisha chelewa.