Umbo la Chombo na Tabia ya Maji

Mtu wa Munanila humjua samaki kabla ya kuyajua maji. Dagaa mkavu hupanda kutoka mwambao wa Kigoma hadi masoko ya miinuko ya Buha, akapimwa kwa kopo, akaliwa kwa ugali wa muhogo. Wala mlaji haulizi ni chombo cha umbo gani kilichomtoa ziwani usiku. Walakini swali hilo huweza kumtenga mvuvi arudiye na mvuvi asiyerudi.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na upana wa wastani wa kilomita 50. Limelala toka kusini hata kaskazini kama mfereji kati ya milima. Upepo wa kusini-mashariki, uvumao kuanzia Mei hadi Septemba, hupata uwanja mrefu wa kukimbilia. Na kadiri uwanja urefukavyo ndivyo wimbi likuavyo. Mgeni husema kuwa ziwa si bahari. Asema kweli, lakini kweli hiyo haimfariji. Mawimbi ya ziwani hufuatana kwa karibu: chombo hakijainuka vema kutoka wimbi la kwanza, la pili limekwisha kukigonga. Tena maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, na kwa hiyo chombo kile kile chenye shehena ile ile huzama zaidi kidogo ziwani.

Mbele ya maji ya namna hiyo, kila umbo lina sifa yake na deni lake. Chombo chenye tako bapa hutulia vizuri maji yakiwa shwari, hubeba mengi, na hupita penye kina kidogo. Lakini kikikimbizwa juu ya mawimbi hupigwa kama ngoma, mbao zikalegea na migongo ya watu ikaumia. Chombo chenye tako lililochongoka kama herufi V hulikata wimbi badala ya kulipiga. Sifa hiyo ilidhihirika mwaka 1960, katika mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau, ambapo boti Moppie, iliyobuniwa na C. Raymond Hunt, ilishinda katika bahari iliyochafuka. Tangu hapo wavuvi wa burudani wengi, wanaokwenda mbio kumfuata samaki mkubwa kwa mshipi, wamelipenda umbo hilo. Deni lake huonekana boti isimamapo: huyumba huku na huku, na hutaka injini yenye nguvu na mafuta mengi.

Mvuvi wa dagaa hana haja ya mbio. Kazi yake ni kusimama gizani, taa zikiwaka, akingoja samaki wakusanyike juu ya wavu. Ndiyo sababu ziwani wako wanaounganisha mitumbwi miwili kwa miti, wakashusha wavu kati yake. Upana huo huwapa utulivu ambao mtumbwi mmoja hauwezi kuutoa. Lakini wimbi likija mshazari, kila mtumbwi hutaka kwenda njia yake, na maungio huteseka. Na chombo kipana kikipinduka, kukigeuza tena ni kazi ngumu.

Basi hakuna umbo lililo bora kwa maji yote na kazi zote. Asifuye boti kwa rangi na mwendo wake huku hajaulizwa itakwenda wapi, itabeba nini na itasimama muda gani, amesifu nusu ya chombo. Nusu nyingine ni ziwa. Hata fundi hodari hawezi kuchonga ubaoni ile busara ya kupunguza shehena, wala ile ya kugeuza omo pwani wakati mawingu yangali mbali. Busara hiyo hukaa kwa nahodha, nayo haiuzwi pamoja na boti.

Wahenga walinena: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mlaji wa Munanila hana lazima ya kuyafika. Lakini akijua kwamba ndani ya kopo la dagaa mna hesabu ya upepo, mbao na uhai wa mtu, hataliona tena kuwa ni kitu kidogo.